Baiskeli Mbili Juu ya Paa la Gari

Desemba inapokaribia, kota za askari mjini Kampala hubadilika sura. Magodoro huanikwa juani, masanduku hutolewa chini ya vitanda, na kila aliyetia karatasi ya likizo mfukoni huuliza ni nani atakayesafiri kuelekea upande wake. Wengi hupanda basi. Wachache hubahatika kuazima gari la ndugu, na hao ndio wenye majaribu makubwa, kwa kuwa gari la kuazima huonekana halijai: nafasi ikikosekana ndani, paa lipo.

Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2014 kwa koplo mmoja wa polisi, mwenyeji wa Teso, aliyepewa gari na shemeji yake ili awapeleke mkewe na watoto watatu nyumbani, karibu na Soroti, safari izidiyo kilomita 300. Juu ya paa palikuwa na keria ya chuma, na juu ya keria hiyo alikusudia kupakia baiskeli mbili.

Ya kwanza ilikuwa baiskeli kubwa nyeusi, ya aina ile ya zamani yenye bomba la katikati, uzito wake kiasi cha kilo 20. Ilikuwa mali ya marehemu baba yake. Mzee aliinunua baada ya ng'ombe wa Teso kuporwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo nyumba zilizokuwa na zizi na plau zilibaki na kamba tupu. Kwa baiskeli hiyo alipeleka mihogo sokoni na wagonjwa zahanatini. Hata abiria wa nauli aliwabeba, kama walivyokwisha kufanya vijana wa Busia tangu miaka ya 1960, walipokuwa wakivusha watu mpakani, kazi iliyozaa jina la bodaboda. Mzee alipofariki, koplo aliichukua Kampala ili ifanyiwe matengenezo, ikakaa miaka miwili nyuma ya mlango. Sasa mama yake alikuwa ametuma neno kwamba anaitaka baiskeli yake, maana kisima ki mbali, na mchota maji wake ni mjukuu yatima anayemlea.

Ya pili ilikuwa ndogo, nyekundu, yenye kengele. Mtoto wa kwanza wa koplo, mwenye umri wa miaka 9, aliahidiwa baiskeli hiyo iwapo angeongoza darasa. Aliongoza.

“Baba watoto,” mkewe alimwambia usiku wa kufunga mizigo, “tupeleke ile ya mzee. Hii ya mtoto ingoje hapa.”

“Nilimwahidi.”

“Ulimwahidi baiskeli. Hukumwahidi kuipandisha juu ya gari.”

Koplo hakujibu. Alfajiri aliilaza baiskeli kubwa ubavu juu ya keria, akaweka ile ndogo juu yake, akazizungushia zote mbili kamba moja ya katani kama mtu afungaye mzigo wa kuni. Pedeli hakuzitoa. Ni kweli kwamba kuzitoa kwahitaji spana na maarifa kidogo, kwani pedeli ya kulia hulegezwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, na ile ya kushoto hulegezwa kwa kufuata saa, na wengi wasiolijua hilo huikaza wakidhani wanaifungua. Lakini koplo hakushindwa kwa kukosa maarifa. Alikuwa na haraka, na alikuwa amekwisha kuambiwa na mkewe, jambo ambalo kwa waume wengi huzidisha haraka.

Karibu na Mukono palikuwa na kizuizi cha trafiki. Askari aliyekuwa zamu aliiona kofia ya kazi iliyowekwa nyuma ya kioo cha mbele, akasimama wima. “Likizo njema, afande!” Akapunga mkono, gari likapita. Askari huyo huyo, laiti gari lingekuwa la mwuza ndizi, angelisimamisha, angelizunguka, angeitikisa ile mizigo kwa mkono wake, na bila shaka ingecheza. Aghalabu heshima ya namna hii hufanywa kwa nia njema kabisa, tena ni tamu kupewa. Mke wa koplo alikuwa ameketi mbele, akatazama kofia, kisha akatazama juu.

Mvua ilinyesha walipotoka Mukono, ikakatika, jua likatoka kali. Kamba ya katani ikilowa maji hujikaza, na fundo huonekana madhubuti kuliko lilivyofungwa, ikikauka hulegea. Walipopita Namawojolo, penye wauza nyama choma na kuku, kamba ilikuwa imeanza kuvuma kwa upepo.

“Inaimba nini huko juu?” mama watoto aliuliza.

Koplo aliongeza sauti ya redio. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yake, na mshale wa mwendo ulikuwa umefika 80. Wapo wadhanio kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya upepo juu ya mzigo nayo huongezeka maradufu. Sivyo; huwa mara nne. Mzigo uliotulia kwenye kilomita 40 kwa saa husukumwa kwenye 80 kana kwamba wanaume wanne wameshika mahali alipokuwa mmoja.

Karibu na Lugazi trekta lililopakia miwa liliingia barabarani kutoka shambani. Koplo alikanyaga breki, akakata usukani kwenda kulia. Gari lilitii. Baiskeli ndogo haikutii. Ilichomoka chini ya kamba, ikapita juu ya boneti, ikaangukia ukingo wa kushoto wa barabara, mbele ya mwanamke aliyekuwa akitembea na mtoto mchanga mgongoni na kikapu kichwani. Hatua mbili zaidi zingetosha.

Mwanamke yule hakupiga kelele. Alitua kikapu, akamzungusha mtoto kifuani, akamkagua kichwa, mikono, miguu. Kisha akamtazama koplo aliyekuwa amekuja mbio, akaitazama na ile kofia nyuma ya kioo. Koplo aliomba radhi mara tatu. Alipewa jibu moja: “Mtoto ni mzima.” Mwanamke akajitwika kikapu chake akaenda zake.

Gurudumu la mbele la baiskeli nyekundu lilikuwa limepinda mfano wa namba nane. Kijana alishuka garini, akaigusa kengele, ikalia. Hapo ndipo alipolia naye.

Fundi wa baiskeli pale Lugazi alikubali kukaa nayo hadi Januari. Bila kuombwa, aliipandisha upya ile kubwa: akaigeuza miguu juu, ikasimama kwa kiti na usukani, akafunga mwili wake na si magurudumu, kwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, ambavyo hung'ang'ania chuma na havijali mvua, akavuta kamba mbili za nyuma hadi kwenye bampa ya nyuma, kwani breki husukuma mzigo mbele. “Nenda kilomita 10, usimame, ushike kila fundo,” alisema. “Kisha usimame tena.” Koplo alisimama mara sita kabla ya Soroti. Hakusimama juu ya bwawa la Jinja, lile lililofunguliwa mwaka 1954, kwa sababu walinzi hawakuruhusu gari lolote kusimama pale. Daraja jipya la Nile lilikuwa bado halijakamilika, nalo lilifunguliwa mwaka 2018. Lakini alikuwa amesimama kabla ya kulifikia.

Nyanya aliipokea baiskeli ya mumewe kwa kuipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, hata mahali pasipokuwa na vumbi. Watoto wawili, yule yatima na yule wa mjini, walikaa nayo likizo nzima. Hawakukifikia kiti, hivyo walipitisha mguu mmoja chini ya bomba na kuiendesha wakiwa wameinama upande, dumu la maji likigongana na keria ya nyuma. Kijana wa mjini alianguka mara nyingi, na baiskeli nyekundu aliiulizia mara moja tu.

Januari waliichukua Lugazi, gurudumu limenyooshwa. Koplo aliifunga mwenyewe, kwa tyubu. Kizuizi cha Mukono kilikuwapo, askari mwingine, kofia ile ile nyuma ya kioo, mkono ule ule ukipungwa. Koplo alizima injini, akashuka.

“Tikisa,” alimwambia askari.

Askari alicheka, akidhani ni mzaha wa wakubwa. Alipoona hachekewi alipanda kwenye kizingiti cha mlango, akaishika baiskeli kwa mikono miwili, akatikisa. Ndani ya gari mama watoto alinyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio.