SEHEMU YA 6: Uvimbe wa mjomba na ile picha ya sumaku

Wiki iliyopita niliwaahidi habari ya mjomba wangu. Nimeiandika mara tatu nikaifuta, kwa sababu kosa la kwanza humu ndani ni langu mimi nesi. Leo naiacha kama ilivyo.

Mjomba analima tumbaku na mahindi upande wa Mishamo. Siku moja alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Nina kitu hapa chini ya sikio, kama punje ya karanga. Hakiumi."

Nilikuwa zamu ya usiku, wodi imejaa watoto wa malaria. Nikamjibu haraka haraka, "Hiyo ni tezi tu mjomba. Meza antibayotiki siku saba, itapungua." Sikumuuliza swali hata moja.

Kumbe pua ya upande huohuo ilikuwa inaziba, na akipenga asubuhi anaona damu kidogo. Sikio nalo linavuma kama limeingia maji. Hakuniambia kwa sababu kwake yeye pua, sikio na shingo ni shida tatu tofauti. Kazi ya kuziunganisha ilikuwa yangu.

Dawa zikaisha, uvimbe haukuisha. Akaenda mahali akapewa antibayotiki nyingine. Jirani akamwambia ni kimeo, kikatwe. Mahali pengine wakamwanzishia dawa za TB ya tezi, na hao siwalaumu sana, maana huku kwetu uvimbe wa shingo mara nyingi ni TB kweli. Ikapita miezi saba. Nilipompokea stendi Mpanda mjini, ile punje ya karanga ilikuwa imekuwa yai la kuku. Nilimshika mkono nikashindwa kumwamkia.

Alipopimwa na daktari akaandikiwa rufaa, waliuzwa ng'ombe wawili, tukapanda treni hadi Tabora, kisha Dar es Salaam.

Huko ndiko alikopigwa picha ya MRI. Wengi mnaniuliza inatofautianaje na ekisirei. MRI haitumii mionzi. Ni sumaku kubwa yenye nguvu sana. Mwili wetu una maji mengi, na ile mashine inachokoza chembe ndogo za haidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili, kisha inasikiliza zinavyojibu. Nyama, mafuta, mfupa na uvimbe, kila kimoja kinajibu kivyake. Ndiyo maana unaambiwa uvue kila chuma, na useme kama una chuma mwilini. Mjomba alivua bangili yake aliyokaa nayo miaka mingi, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi hati ya shamba. Alipotoka alisema, "Mama, mle ndani wanakoboa mahindi." Kelele zake ni hivyohivyo kweli.

Baadaye mtaalamu wa picha, kijana mpole, aliponiona na sare yangu akaniita nione. Uvimbe wa shingoni tulioushughulikia miezi saba haukuwa mwanzo wa ugonjwa. Mwanzo ulikuwa nyuma ya pua, juu ya koo, mahali ambapo ukimwambia mtu afungue mdomo huoni kitu. Shingoni ulikuwa umefika kwenye tezi tu, kama mgeni aliyefikia kwa ndugu.

Nikamuuliza, "Sasa kwa picha hii unajua ni saratani ya aina gani?"

Akanieleza vizuri. Saratani za kichwa na shingo ni nyingi. Kuna za ngozi laini ya mdomo na koo, ambazo sigara na pombe huzichochea sana. Kuna za tezi za mate. Kuna za nyuma ya pua. Kuna limfoma. MRI inaonyesha ilipoanzia, ilipopenya, na kama imegusa mfupa wa chini ya fuvu. Halafu kuna picha inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya uvimbe. Kwenye limfoma seli zimebanana kama magunia ya mpunga ghalani, hata panya hapati pa kupita, kwa hiyo maji yanakwama. Kwenye saratani nyingine nyingi za koo nafasi huwa kubwa kidogo, maji yanasogea zaidi.

Siku hizi wataalamu wanatengeneza programu za kompyuta zinazopima hayo yote: umbo, kingo, madoa meusi na meupe ambayo jicho la mtu haliwezi kuyahesabu, kisha programu inakisia aina ya saratani. Ni jambo la kutia moyo. Lakini programu inajua kile tu ilichofundishwa, na nyingi zimefundishwa kwa picha za wagonjwa na mashine za nchi nyingine. Mahali ambapo TB ya tezi ni nyingi kama kwetu, inaweza kuchanganya mambo. Kijana alimalizia hivi: "Dada, picha inatuambia tukate kinyama wapi. Jina la ugonjwa linatoka kwenye darubini."

Kinyama kikachukuliwa kupitia puani. Jibu: saratani ya nyuma ya pua. Hii ina uhusiano na kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa mataya wa watoto wa Afrika Mashariki, ule ambao daktari Denis Burkitt aliuandika akiwa Uganda mwaka 1958. Yaani habari hii ina mizizi hapahapa kwetu.

Na kujua aina ndiko kulikobadilisha kila kitu. Saratani hii tiba yake kubwa ni mionzi, pamoja na dripu za dawa, si kisu. Angekatwa ule uvimbe wa shingoni peke yake, mzizi ungebaki nyuma ya pua unaendelea kula. Dawa za TB nazo zisingeugusa kamwe.

Mjomba alimaliza mionzi, yuko nyumbani. Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa kama zamani. Mate yamepungua, ugali haupiti bila mchuzi mwingi, na chupa ya maji haimtoki mkononi hata akienda shambani. Kila baada ya miezi kadhaa anarudi kuangaliwa, na kila safari ikikaribia mimi silali.

Siku moja nilimwomba msamaha kwa ile simu. Akanyamaza, akanywa maji. "Ungeniuliza mama, ningekwambia."

Sasa nauliza. Mtu yeyote akija na uvimbe shingoni uliozidi wiki tatu, namuuliza: pua inaziba upande mmoja? Unatoka damu? Sikio linavuma? Sauti imekauka? Kuna kidonda mdomoni kisichopona? Kumeza je? Inachukua dakika mbili, na haihitaji sumaku. Wewe unayesoma, kama una dalili hizo au una mzazi mwenye nazo, usitosheke na antibayotiki ya pili. Omba uangaliwe pua na koo, na kama ni lazima, omba rufaa.

Sehemu ya 7 nitaeleza jinsi ya kumlisha mgonjwa aliyetoka kwenye mionzi ya shingo. Mchuzi wa mama mkwe utahusika. Usiku mwema.