Andika na deni, mwanangu

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwa ajili ya neno nililolisikia harusini Pangani, kwamba umekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Aliyelisema sikumhoji. Nakuuliza wewe.

Mwezi wa Ramadhani uliponionyesha hesabu zako katika programu ya hledger nilifurahi sana. Uliniambia mama wa programu hiyo ni Ledger, aliyoiandika John Wiegley mwaka 2003. Daftari lake ni faili la maandishi matupu, halidai ada wala intaneti, na ndani yake mna hesabu ya pande mbili aliyoichapisha Pacioli kule Venice mwaka 1494, ile ile niliyoifanya kwa kalamu nikiwa karani wa chama cha ushirika. Kila shilingi ina ilikotoka na inakokwenda, na jumla ya muamala ni sifuri. Ila niliona vipande vya uwekezaji vya UTT, M-Pesa, mshahara, kodi ya chumba. Madeni sikuyaona, nikadhani huna.

Marehemu baba yako naye alikuwa na daftari. Humo aliandika mifuko ya saruji dukani, ng'ombe, minazi. Alichokopa alikiweka kichwani. Arobaini yake haijafika, wakaanza kuja: mwenye lori, muuza mabati, jamaa wa Muheza tusiyemjua. Kila mmoja na kiasi chake, nasi hatukuwa na mstari mmoja wa kumjibu. Mama yako aliuza shamba la minazi akalipa wote, na hadi leo naamini wengine walikwishalipwa na marehemu mwenyewe. Nilikuwa nimemwomba anipe daftari lile nilifunge kila mwisho wa mwezi. Akasema hesabu za nyumba yake hazikaguliwi na dada. Chama kizima kilinikabidhi vitabu vyake, na hakuna mwaka ambao mkaguzi alinirudishia ukurasa.

Kwa hiyo, kama ni kweli, andika leo. Tuseme umeingiziwa 270,000 na unadaiwa 360,000:

mali:mpesa  270000
matumizi:riba  90000
madeni:kausha damu  -360000

Umeiona riba ilivyokaa mstari wake peke yake? Mkopeshaji hapendi uione hivyo. Na usiniambie vipande vinapanda bei. Andika idadi ya vipande, bei iwe na mstari wake na tarehe yake, kisha utoe madeni ndipo ujue ulicho nacho. Hakuna kipande kinachokua kwa kasi ya riba hiyo. Uza vinavyotosha, ulipe.

Kila Ijumaa linganisha na salio la simu. Ukiliweka salio baada ya alama ya =, programu itagoma kukiwa na tofauti. Weka nakala kwenye flashi. Namba ya siri usimpe mtu, hata mchumba.

Mdogo wako anaanza kidato cha tano Julai, na ada yake tulikubaliana ni mimi na wewe. Ndiyo maana neno lile la Pangani limeninyima usingizi. Kama ni uongo, nijibu kwa mstari mmoja tu. Kama ni kweli, nitumie faili lenyewe, si picha ya skrini, tulipitie pamoja kwa simu Jumapili baada ya alasiri.

Shangazi yako