Kuhesabu Pumzi za Mtoto

Karani mmoja alifika kwenye dispensari asubuhi na mapema pamoja na mama yake, wakiwa wamebeba watoto wawili wenye kikohozi. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 3, mdogo miezi 8. Njiani nyanya yao alinung'unika, kwani kwa maoni yake mafua hayakustahili safari.

Mwuguzi hakukimbilia sindano. Alingoja watoto watulie, maana pumzi za mtoto aliaye au anyonyaye hazihesabiki sawasawa. Kisha akafunua vifua vyao, akatazama saa, akahesabu dakika nzima. Mkubwa alivuta pumzi 34, mdogo 58.

"Nyanya," akasema, "mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kila umri una kipimo chake. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 ni za haraka mno. Wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Mkubwa ana mafua tu. Mdogo ana dalili ya homa ya mapafu, nayo haingoji."

Dawa ikatolewa, pamoja na onyo kwamba isikatizwe kabla ya siku zake. Na mtoto akishindwa kunyonya, akipatwa na degedege, au akilala asiamshike, apelekwe hospitali mara moja.

Usiku ule nyanya hakunung'unika. Alimwomba mwanawe saa aliyoivaa kwa ajili ya kazi za ofisi, akaketi karibu na taa, akaanza kuhesabu.