Baridi ya Haraka

Ndugu msomaji, kabla hujanicheka, nisikilize kwanza. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, mimi nilidhani wanasema watu. Kumbe hata mashine zimo.

Nyumba ya Mjomba iko Upanga, Dar es Salaam. Aliyeijenga alijiweza, maana aliweka kiyoyozi kimoja cha nyumba nzima, hewa inasafiri juu ya dari kwa mifereji ya bati na kushuka kila chumba. Mwanzoni mwa 2023 kile kizee kikakata roho. Kilikuwa cha tani 3. Usidhani ni uzito. Tani moja ni uwezo wa kuondoa joto la BTU 12,000 kwa saa. Mjomba akaniuliza, "Wewe msomi, tununue kipi?" Nami kwa kujifanya najua nikajibu, "Cha tani 5, Mjomba. Kikubwa ndiyo mpango mzima." Mzee wa watu akatoa pesa za kiinua mgongo chake.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Unawasha, dakika tano tu, sebule baridi kama Lushoto. Masika ilipoingia, mambo yakageuka. Shuka zikawa mbichi. Chumvi ikagoma kutoka kwenye kopo. Mwili unanata huku meno yanagongana. Nikaanza kusikia harufu ya nguo iliyofuliwa ikakosa jua. Nikanyamaza. Si mimi niliyechagua?

Ningeendelea kunyamaza kama si madaftari ya Babu. Marehemu Babu alikuwa mtunzi. Aliacha madaftari 11 ya mashairi, yote kwa wino, nami niliahidi ukoo kuyapiga chapa. Miaka minne nikawa nasema kesho. Siku hiyo nafungua kabati, nakuta ukungu wa kijani kwenye majalada. Daftari la saba lilikuwa limegandamana kama mkate uliolowa. Nilipolibandua, beti zimegeuka mawingu ya buluu.

Nikamfuata Mjomba barazani. "Shikamoo Mjomba. Kosa ni langu."

"Marahaba." Akalishika daftari la baba yake, akakaa kimya muda mrefu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. "Tafuta fundi," akasema. "Fundi, siyo muuzaji."

Fundi alikuja na kipima unyevu kidogo kama kiberiti, akakiweka mezani. Asilimia 76. "Bwana mdogo, ikizidi 60 ukungu unajenga nyumba." Kisha tukakaa kutazama saa. Kiyoyozi kikawaka, baada ya dakika sita kikazima.

"Umeona? Ana haraka huyu."

Akanieleza kwamba kiyoyozi kina kazi mbili, kupunguza joto na kukamua maji hewani. Hewa ikipita kwenye koili baridi, unyevu wake unakuwa matone, kama nje ya chupa ya soda. Matone yanadondoka kwenye sinia na kutoka nje kwa bomba. Lakini kudondoka kunataka muda. Mashine kubwa inapoza hewa upesi, inazimwa kabla maji hayajatoka. Mbaya zaidi, swichi ya feni ilikuwa kwenye ON. Mashine inalala, feni inazunguka, inayakausha matone yale na kuyarudisha ndani kama mvuke. "Mnalipa umeme ili mrudishiwe jasho lenu," akacheka.

Akahamisha swichi kwenda AUTO. Akapunguza kasi ya feni ili hewa ikae zaidi kwenye koili. Akapanda darini, akakuta mfereji unaorudisha hewa umeachia kiungo, unavuta unyevu wa darini. Akaziba. Baada ya wiki kipimo kikasoma 64. Kilichobaki tulimalizia na mashine ndogo ya kukausha hewa, kikashuka hadi 55. Mjomba akaingia mfukoni tena. Fundi akatuachia neno moja: kabla ya kununua, piga hesabu ya vyumba, madirisha, jua na watu. Siyo kukisia.

Baadaye nilisoma jambo likanichoma. Mwaka 1902 kijana wa miaka 25, Willis Carrier, alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Shida haikuwa watu kuona joto. Karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa kwa unyevu, rangi zikawa hazikai mahali pake. Yaani kiyoyozi kilizaliwa kulinda karatasi! Mimi nikakitumia kuziozesha.

Daftari la saba halikurudi. Mama anakumbuka beti mbili za humo. Aliniimbia jikoni, nikaandika. Yale kumi nimeshayapiga chapa, nakala moja kwangu, moja kwa Mama, moja kwa Mjomba.

Na wewe mwenzangu unayeficha mashairi chini ya godoro, toa nakala leo. Mashine yangu ilikuwa na haraka mno. Mimi nilichelewa mno. Daftari likaozea katikati yetu.