Mbwa wa Bure Alinikula Elfu 27

Wasee, leo sina kichekesho. Niko na deni la kulipa, na nitalilipa hapa hapa mahali nilipolikopa.

Wale mmenifuata kitambo mnakumbuka ile video yangu ya kuwacheka watu wa Nairobi wanaolipa pesa ndio wapewe mbwa aliyeokolewa. Nilisimama Daraja Mbili siku ya soko, nikaelekeza simu kwa mbwa wanaozurura kwenye takataka, nikasema: "Nyinyi mnalipia? Huku Kisii mbwa ni bure, chagua rangi." Ile video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Watu walicheka, mimi nikapata wafuasi, maisha yakasonga.

Nilichokosa kuwaambia ni kwamba siku hiyo hiyo nilirudi nyumbani na mbwa.

Alikuwa mtoto wa mbwa, jike, miezi mitatu hivi. Mbavu unazihesabu, upele kwenye masikio. Alikuwa ameiba omena kwa mama mmoja pale sokoni, na yule mama alikuwa anamfuata na kijiti. Nikamnyanyua, nikalipia omena za shilingi 50, na hapo akapata jina. Omena. Nikapanda boda naye ndani ya jaketi hadi bedsita yangu huko Mwembe. Kichwani nilikuwa nawaza kitu kimoja: si nimesema ni bure? Sasa nitathibitisha.

Juzi nikakaa chini na stakabadhi za M-Pesa, nikapiga hesabu. Nawaandikia yote, sifichi.

Kola, kamba na bakuli: 650. Dawa ya minyoo mara mbili kutoka agroveti: 400. Dawa ya viroboto na kupe: 500. Ule upele ulikataa kuisha kwa mafuta ya kupaka, ikabidi daktari wa mifugo amdunge sindano tatu, 500 kila moja: 1,500. Chanjo ya parvo na yale magonjwa mengine ya watoto wa mbwa, mara mbili: 3,000. Chakula, yaani unga, matumbo na omena, shilingi 1,800 kwa mwezi, miezi minne: 7,200.

Hapo tumefika 13,250. Na kuna kitu nimekiruka. Chanjo ya kichaa cha mbwa, shilingi 500. Niliiruka kwenye hesabu kwa sababu niliiruka pia maishani. Daktari aliniambia mara ya kwanza kabisa, "Huyu amefika umri, tumdunge leo." Nikamwambia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi nikanunua taa ya kurekodia video. Mwezi uliofuata nikasema mbwa wangu anakaa ndani, atapata kichaa wapi?

Likizo ya Aprili nikaenda nyumbani Nyamira, upande wa Kebirigo, kwa Magokoro. Omena nilimbeba ndani ya katoni, makanga akanitoza kiti kizima. Nyumbani watu walishangaa. Huku kwetu mbwa ana kazi yake. Anafungwa mchana, anafunguliwa usiku alinde boma, anakula ugali uliobaki. Mbwa wa kubebwa kwa katoni hawajawahi kumwona. Magokoro alimtazama, akaniuliza kama sasa chuo niliacha ndio nilee esese. Alisema akicheka, lakini ilinichoma.

Maana mnajua historia yangu. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ya semesta ikiwa imenishinda. Kila shilingi ninayotumia, kuna mtu wa familia anaipima na ile karo.

Siku ya tatu, mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka saba, alijaribu kumnyang'anya Omena mfupa. Omena akamng'ata mkono. Meno mawili yaliingia, damu ikatoka. Si jeraha kubwa, ukiliona ungesema ni mwiba. Lakini dada yangu aliniuliza swali moja tu: "Huyu mbwa amechanjwa?"

Sijui kama umewahi kuulizwa swali lenye jibu la shilingi 500, na jibu huna.

Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mtu hufa. Hakuna dawa ya kurudisha mtu hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya walioambukizwa walipata kutoka kwa mbwa, na kama asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Watoto, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa, na ndio wanaoogopa kusema wameng'atwa.

Baba mdogo alikuwa tayari ameshika panga. Yeye kwake mbwa aking'ata mtoto, anauawa, mambo yanaisha. Jirani mmoja akasema hata kamba anayo. Mimi nimesimama mbele ya Omena nikilia kama mtoto, na wakati huo mtoto mwenyewe hajalia. Aliyetuokoa ni dada yangu. Alishamtoa mtoto kwenye bomba la maji, anaosha ule mkono kwa sabuni, anahesabu dakika 15 kwa simu. Akasema bila kugeuka: "Msimuue. Tukimuua hatutajua kama alikuwa mgonjwa."

Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, na wengi hatuijui. Mbwa akimng'ata mtu na awe anaonekana mzima, anafungwa na kuangaliwa siku 10. Kama virusi vilikuwa tayari kwenye mate yake siku ile, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, hakumwambukiza mtu. Ukimuua siku ya kwanza kwa hasira, umejinyima jibu. Lakini hausubiri hizo siku ukiwa umekaa. Mtoto anaanza sindano siku ile ile.

Magokoro akakata kesi. Mbwa afungwe nyuma ya jiko, asiguswe na mtu isipokuwa mimi, na mimi nisiondoke mpaka siku ziishe. "Na hospitali utalipa wewe," akaniambia. "Nimesikia, Magokoro," nikajibu. Nilikuwa na la kusema gani?

Sindano ya binadamu si 500. Sisi tulilipa 1,800 kwa kila moja. Ratiba aliyopewa ilikuwa siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3, 7, 14 na 28. Dada yangu alikuwa anatoka Kebirigo hadi Kisii na kurudi, mtoto akiwa amempakata, nauli 300 kila safari. Sindano ya pili nililipa kwa kuuza ile taa ya kurekodia. Ndio, ile ile.

Usiku nilikuwa naenda nyuma ya jiko na tochi ya simu. Namwangalia Omena: anakula? Anakunywa maji? Anatembea sawa? Ute unamtoka mdomoni? Mvua za Aprili zilikuwa zimechachamaa, naye amejikunja chini ya gunia ananitingishia mkia, hajui kuna kesi. Nilikuwa nikirudi kitandani nawaza kwamba ikiwa mbwa huyu ataugua, basi nitakuwa nimemtolea mtoto wa dada yangu kifo sokoni, nikakibeba kwa katoni hadi nyumbani, kisha nikakilipia kiti.

Siku ya 10 ilifika Omena akiwa mzima na mwenye njaa. Mtoto alikuwa amedungwa sindano tatu. Daktari akasema mbili zilizobaki hazina haja tena. Sindano tatu, 5,400. Nauli, 900. Siku iliyofuata nilimtafuta daktari wa mifugo kabla sijanywa chai, nikalipa ile 500 yangu ya miezi miwili iliyopita. Jumla: 20,050.

Halafu Juni nikamfunga kizazi, 7,000. Madume ya mtaa yalikuwa yameanza kukesha mlangoni, na landilodi alikuwa ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu. Ningemwacha azae watoto sita, ningewapeleka wapi? Daraja Mbili, kwenye zile takataka. Mduara ungeanza tena. Jumla kuu: 27,050.

Sasa turudi kwa deni. Ile ada niliyoicheka haikufika hata elfu 10. Nikaanza kujiuliza ile ada inalipia nini. Mbwa anayetoka kwenye makao yanayojiheshimu huwa ameshatolewa minyoo, ameshachanjwa, mara nyingi ameshafungwa kizazi. Yaani ni ile orodha yangu ya juu, imefanywa tayari na watu wanaojua wanachofanya, na bado wanakudai sehemu tu. Chukua KSPCA, lile shirika la kulinda wanyama lililoko Karen, Nairobi. Limekuwepo zaidi ya miaka 100 na linaishi kwa michango. Yule mbwa unayempewa, kuna mtu ameshamlipia. Ukitoa ada, unasaidia anayefuata aokolewe.

Na ada yenyewe ni kitu kidogo. Omena anakula 1,800 kwa mwezi. Hiyo ni 21,600 kwa mwaka. Akiishi miaka 10, ni 216,000, kabla hajaumwa hata siku moja. Kwa hivyo mtu akishindwa na ada ya mlangoni, si kwamba amekataliwa kwa roho mbaya. Ameonyeshwa mapema kile kilichonifundisha mimi kwa mkono wa mtoto.

Najua kuna mtu atasema: basi mbwa ni wa matajiri? Hapana. Baba mdogo ana mbwa wawili na hana pesa. Mama wa omena pale sokoni hana pesa, na kuna paka anamlisha kila jioni. Sisemi usipendane na mnyama mpaka uwe na gari. Nasema upange. Ile 500 ya chanjo iweke kando kabla hujamnyanyua kutoka chini. Uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako kuhusu siku za chanjo ya bure, hasa Septemba, kwa sababu tarehe 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani na kampeni nyingi hufanywa wakati huo. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Unategemea angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mbwa wako na wangu wako kwenye hiyo hesabu.

Baba mdogo bado ananiuliza kama elfu 27 hazingekuwa karo. Zingekuwa sehemu ya karo, ni kweli. Simbishii. Lakini simjibu kwa kumtupa Omena, maana hapo ningekuwa nimeacha vitu viwili katikati.

Ile video nimeitoa. Mtoto wa dada yangu mkono umepona, kuna alama mbili ndogo ambazo anawaonyesha wenzake shuleni kama medali. Agosti nitaenda nyumbani tena. Aliniambia kwa simu nije na Omena, lakini safari hii mfupa atautupa kutoka mbali.

Kama una mbwa na hujui alichanjwa lini, funga hii simu uende ukaulize. Leo, si mwisho wa mwezi.