Redio na Radi Katika Milima ya Uluguru

Ukifika mjini Morogoro, tazama upande wa kusini. Utaona milima ya Uluguru imesimama kama ukuta. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi huikuta milima hii, na mvua hunyesha. Mto Ruvu huanzia huku. Maji yake hunywewa mpaka Dar es Salaam.

Panda mpaka kilele cha Bondwa, chenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Huko utakuta minara ya mawasiliano. Minara hujengwa juu ili sauti ifike mbali. Lakini mahali pa juu ndipo radi hupiga zaidi.

Wako watu wenye redio za ridhaa. Redio hizi hupokea na kupeleka sauti. Wenyewe huzungumza na wenzao wa mbali bila biashara. Huwa na leseni, na alama zao za kuitana hapa Tanzania huanza na 5H. Antena yao ni waya uliofungwa juu ya mti au mlingoti. Radi ikipiga karibu tu, umeme huweza kupita katika waya huo mpaka ndani ya redio.

Je, redio ikipigwa, ufanye nini? Usiiguse upesi. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kisha chomoa waya wa umeme na wa antena. Usiiwashe kujaribu. Ndani huweza kubaki umeme hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo mpelekee fundi.

Fundi hutazama fyuzi na alama nyeusi za kuungua. Vipande vidogo karibu na tundu la antena huharibika upesi. Vingine huonekana vizima kumbe vimekufa. Kwa hiyo huvipima kimoja kimoja. Waya wa antena nao upimwe. Usikubali fyuzi iliyokatika iwekewe waya mnene. Redio inaweza kuungua, na nyumba pia.

Wakati wa masika, chomoa antena mapema, kabla wingu halijafika. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Lakini ukisha kusikia ngurumo, usikimbilie kuchomoa waya. Iache redio, kaa mbali nayo.

Redio iliyokufa hutengenezwa. Mtu hatengenezwi.