Shajara za wodini, sehemu ya 14: Kialama kidogo kwenye jina

Leo siongelei homa wala chanjo. Naongelea kadi.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa wodi ya watoto njiti hapa Kanda ya Ziwa. Kuna mtoto wa kike tulimhudumia siku 9, akatutoka. Tukachanga, nikatumwa steshenari kununua kadi ya pole, na kwa kuwa wananisifia mwandiko, nikapewa niandike mimi. Nikaandika jina la mtoto na la ukoo wao. Yule mama akaifungua, akaisoma kimya, akaniambia taratibu, "Nesi, asante. Ila hili siyo jina letu."

Jina lao linaanza na Ng'w. Mimi niliandika Ngw. Sisi wa Kilimanjaro tukiyasikia majina ya Kisukuma tunaona kama ni yale yale tu, lakini siyo. Kwa Wasukuma ng'wana ni mtoto. Ukiondoa ile ritifaa, kile kialama cha juu, neno linabaki halina maana kwao. Na fikiria, mtoto wa siku 9 ana karatasi ngapi zenye jina lake? Ile kadi ilikuwa mojawapo ya chache sana. Nilinunua nyingine kesho yake, nikaipeleka mwenyewe hadi nyumbani kwao. Akazipokea zote mbili. Sikuthubutu kuuliza ile ya kwanza aliifanyia nini.

Sasa tamka ngoma. Halafu tamka ng'ombe. Umesikia? Kwenye ngoma kuna g inayogonga, kwenye ng'ombe sauti inapitia puani na g haipo. Ritifaa ndiyo inayotenganisha hizo mbili, kwa hiyo kwenye jina ni sehemu ya tahajia kama herufi nyingine. Tazama jina la mwanasiasa wa Kenya, Peter Anyang' Nyong'o: ritifaa mbili, na ya kwanza imekaa mwisho kabisa wa Anyang'. Ukiona ritifaa mwisho wa jina la mtu usidhani amekosea, ukamsaidia kuifuta!

Kinyume chake kipo pia, na hiki kinanichekesha kila Desemba. Familia changa mnapenda kadi za Krismasi za Kiingereza zenye picha yenu mmevaa sare, chini mmechapisha "From the Mushi's". Jamani, hapo ritifaa haitakiwi. Kwa Kiingereza 's inaonyesha kitu ni cha mtu. Mkiwa wengi wa ukoo mmoja mnaongeza s tupu: "From the Mushis". Jina likiishia na s, kama Thomas, mnaongeza es: "the Thomases". Ritifaa inarudi pale tu mnapotaja mali, mfano "the Mushis' home", na inakaa baada ya s kwa sababu wenye nyumba ni wengi. Na jina lenye ritifaa yake ya asili linabaki nayo: "the Nyong'os". Mimi binafsi nawashauri muandike "Familia ya Mushi" au "Akina Mushi" mkapumzike. Kiswahili hakina shida hiyo.

Lakini kadi ya Krismasi ikikosewa mtacheka. Tangazo la kizazi likikosewa mtahangaika, maana ndilo mnalokwenda nalo kuombea cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo mama, kabla hujatoka wodini, hata kama umechoka na mshono unauma, mwombe nesi akuonyeshe alivyoandika. Bora umwandikie jina mwenyewe kwenye kikaratasi, herufi kubwa, ritifaa ionekane. Usione aibu kumrudisha. Usiku tunaandika majina mengi tukiwa na usingizi, na wengi wetu hatujazaliwa huku. Ukisema tu kwa mdomo, kila mtu anaandika anavyosikia yeye. Kisha linganisha na kadi ya kliniki. Kama moja ina ritifaa na nyingine haina, sema siku hiyo hiyo, usingoje mtoto afike darasa la kwanza.

Wenye majina ya Ng', niandikieni hapa chini mlivyowahi kukosewa. Alhamisi tunarudi kwenye kitovu, na wale wanaopaka majivu nawaona.